Tulisali, na Tembo Wakaja: Somo Juu ya Sala ya Kimya



Mara nyingi katika kurasa hizi tunazungumza juu ya mbuzi, mboji, vikapu na vitabu vya hesabu. Leo tunazungumza juu ya jambo ambalo haliandikwi katika kitabu cha hesabu, lakini likikosekana hata hesabu hazikai sawa. Ni sala ya kimya: kukaa mbele ya Mungu kila siku, kwa muda mfupi, bila haraka na bila maneno mengi.

Somo linatosha kikao kimoja cha saa moja na nusu. Mmoja asome kwa sauti, na kila penye kichwa kidogo msimame kwanza, mwulizane. Tunaandika kama Wakatoliki, lakini tunajua katika vikundi vyetu mna ndugu wa makanisa mengine na Waislamu. Wote mnakaribishwa. Kunyamaza mbele ya Mungu hakuna anayekatazwa.

SWALI LA MAMA MMOJA

Siku moja tulikuwa Rukanga, chini ya mlima Kasigau, kutembelea kikundi kimoja. Wanachama walikuwa wamelima shamba la pamoja la pojo na mahindi. Kila usiku watu wawili walikuwa na zamu ya kulinda, na kila jioni waliokuwepo walisali Rozari kabla ya walinzi kwenda. Mvua ilikuwa imekuja vizuri baada ya ule ukame ulioanza mwisho wa mwaka 2020 na kutunyima mavuno msimu baada ya msimu. Pojo zilikuwa zimeanza kukauka, zimebaki siku chache tu zivunwe. Basi usiku mmoja tembo wakaingia. Asubuhi palikuwa na nyayo na mabua yaliyolala, basi.

Tulipofika tulikuta watu wamekaa kimya chini ya mti. Tukaanza maneno ya kufariji kama tulivyozoea. Ndipo mama mmoja, mjane, akatuuliza kwa sauti ya chini: “Nyinyi watu wa kanisa, mtuambie. Tulisali, na tembo wakaja. Sasa tusali tena ya nini?”

Tulimjibu haraka haraka kwamba Mungu ana mpango wake. Mama akatuangalia, akajifunga leso yake vizuri, akanyamaza. Tukirudi kwenda Maungu, hakuna aliyesema neno ndani ya gari. Tulijua kwamba jibu lile tulilitoa ili tujiondoe sisi, si kumsaidia yeye. Somo hili ni kujaribu kumjibu vizuri zaidi, na sehemu kubwa tumejifunza kwake yeye mwenyewe.

Maana jambo baya zaidi lilikuja baadaye. Ilijulikana kwamba usiku ule mlinzi mmoja alikuwa amelala usingizi. Hakuna aliyemwambia usoni, lakini akipita watu waligeuza shingo. Mchango wa kila wiki ukapungua. Mwenye mkopo akaacha kulipa, akisema, “Kwani kikundi bado kipo?” Mweka hazina akawa anaketi peke yake na sanduku. Tembo walikula shamba usiku mmoja. Hasira ilikula kikundi kwa miezi mitano.

SALA YA KIMYA NI NINI?

Katekisimu ya Kanisa Katoliki, iliyotolewa mwaka 1992, inaeleza namna tatu za kusali. Ya kwanza ni sala ya sauti, kama Baba Yetu, Rozari na nyimbo zetu. Ya pili ni tafakari, yaani kulichukua neno la Mungu na kuligeuza geuza moyoni tukitafuta linatuambia nini. Ya tatu ni taamuli, yaani kukaa mbele ya Mungu kwa kumtazama na kumpenda tu, maneno yakiwa yamepungua kabisa. Sala ya kimya tunayoisema hapa inaanza katika tafakari na kuelekea taamuli.

Jina lisitutishe. Sisi sote tunajua jambo hili katika maisha ya kawaida. Wazee wawili waliozoeana hukaa kibarazani saa nzima wakasema maneno matatu tu, na wakiagana kila mmoja anaona kwamba leo wamezungumza. Mama akimnyonyesha mtoto hamtolei hotuba. Wanaopendana huweza kunyamaza pamoja.

Sala hii haichukui nafasi ya Misa Takatifu wala ya Kitubio, na Rozari tusiiache. Si ya watawa na mapadre peke yao. Wala si kuufanya moyo uwe mtupu kama debe, kwa sababu tunakaa na mtu, naye ni Bwana Yesu. Na tuseme wazi: si dawa ya kufukuza tembo.

YESU ALISALI, NA ASKARI WAKAJA

Tufungue Marko 1:32–39. Yesu alikuwa Kafarnaumu, na jioni mji mzima ulikusanyika mlangoni, wagonjwa wengi wakaponywa. Bila shaka alichoka. Lakini alfajiri, kukiwa bado giza, aliondoka akaenda mahali pasipo watu akasali. Petro na wenzake wakamtafuta, wakamwambia watu wote wanamhitaji. Tuangalie vizuri: kazi ilikuwa nyingi, na ndiyo sababu alikwenda kukaa kimya. Alipotoka pale alijua aende wapi: vijiji vingine.

Sasa tufungue Luka 22:39–46. Ni usiku wa mwisho, katika mlima wa Mizeituni. Yesu anaomba kikombe cha mateso kimwondokee. Mathayo anasema aliomba mara tatu. Kikombe hakikuondoka. Yesu alisali, na askari wakaja.

Laiti tungemwambia mama yule maneno haya siku ile, badala ya yale tuliyomwambia! Swali lake si la mtu asiye na imani. Ni swali ambalo limefika mpaka Gethsemane.

Lakini tusiishie hapo. Yesu aliingia pale akiwa na huzuni ya kufa. Luka anaandika kwamba malaika alimtia nguvu, na baada ya sala alisimama, akawaendea wanafunzi wake waliokuwa wamelala, akakabili yaliyokuja. Hali ya nje ilikuwa ile ile. Yeye alisimama.

Hiyo ndiyo faraja. Faraja haina maana kwamba taabu imeondolewa. Ni kwamba hatukuachwa peke yetu ndani yake. Na furaha ya Kikristu si kicheko cha arusini tu. Ni ule wepesi unaoingia moyoni mtu anapojua kwamba anapendwa, hata kama ghalani hamna kitu.

Watu wa Kasigau wanaijua huzuni kubwa. Mwaka 1915, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, serikali ya Kiingereza iliwashuku kwamba wamewasaidia Wajerumani. Ikawatoa katika nchi yao na kuwapeleka Malindi. Wengi walikufa huko ugenini. Waliobaki walirudi kuishi chini ya mlima wao katika miaka ya 1930. Wazee wetu walibeba jambo hili miaka mingi. Kwa hiyo tukizungumza juu ya faraja mahali kama hapa, tuzungumze kwa adabu. Tusimwambie mtu aliyeumia anyamaze kwa sababu Mungu ana mpango. Tukae naye kwanza.

Nabii Elia naye alichoka mpaka akaomba afe (1 Wafalme 19). Mungu hakumgombeza. Kwanza alimpa mkate, maji na usingizi, mara mbili. Baadaye, mlimani, ulipita upepo, tetemeko na moto, na Mungu hakuwemo humo. Akaja katika sauti ndogo tulivu. Kisha akamrudisha Elia kazini. Chakula, usingizi, kimya, kazi: mpango huo unafaa sana kwa mtu aliyevunjika moyo.

HASIRA ILIYOFICHWA

Wazee wa Kitaita walijua jambo moja ambalo sisi wa leo tunalisahau: hasira iliyofichwa moyoni ina hatari kwa nyumba nzima. Walikuwa na desturi ya kutasa. Mtu aliweka kinywani pombe ya miwa au maji, akaipuliza nje huku akisema maneno ya baraka na ya kuitoa hasira moyoni, ili watu na mifugo wapate amani. Mtaalamu mmoja wa Marekani, Grace Harris, aliyekaa Taita mwanzoni mwa miaka ya 1950, aliandika kitabu juu ya mambo hayo mwaka 1978. Jina la kitabu chenyewe kwa Kiswahili ni sawa na kusema “Kuitoa Hasira”.

Sisi Wakristu hatuhubiri kurudia matambiko. Lakini hekima iliyokuwemo tusiitupe. Wazee hawakusema, “Mimi sina hasira,” huku wamevimba. Walikubali kwamba ipo, wakaitafutia njia ya kutoka.

Zaburi nazo ndivyo zinavyofanya. Nyingi zinalia, zinalalamika, zinamwuliza Mungu yuko wapi, kisha taratibu zinatulia. Sala ya kimya ni mahali pa kufanya hivyo. Tukikaa kimya jambo la kwanza kupanda juu si amani. Hupanda deni, maneno ya shemeji, jirani aliyehamisha mpaka. Watu wengi wakiona hivyo wanaogopa, wanawasha redio. Tusikimbie. Yale yaliyopanda ndiyo ya kumpa Mungu. Jipu halina faida likifunikwa.

MLIMA HAUPIGI KELELE

Kwa nini tunasema kila siku, na kwa kimya? Tazameni mlima Kasigau. Huku chini ni nchi kavu, vumbi na miiba. Kule juu, zaidi ya mita 1,600 kutoka usawa wa bahari, kuna msitu wa kijani. Hewa yenye unyevu kutoka Bahari ya Hindi inapanda mlimani na kuwa ukungu, na ule ukungu unashikwa na miti, majani yanadondosha maji hata siku ambayo hakuna mvua iliyonyesha. Maji hayo yanaingia ardhini, yanakuja kutoka katika chemchemi, yanashuka kwa mabomba mpaka vijijini. Anayejaza mtungi bombani hakusikia kazi ile ikifanyika. Lakini msitu ukikatwa, bomba nalo litajua.

Dakika kumi za kila asubuhi ziko hivyo. Siku moja moja huoni kitu. Baada ya miezi, watu wa nyumbani kwako ndio watakaoona kwanza kwamba hujibu tena kwa ukali kama zamani.

NAMNA YA KUANZA

1. Chagua saa moja na mahali pamoja. Kwa akina mama wengi saa ya kufaa ni alfajiri kabla ya kwenda maji, au usiku watoto wakishalala. Mahali paweza kuwa kitandani, chini ya mwembe, au kanisani mbele ya Tabernakulo kama uko karibu.

2. Weka simu mbali, imezimwa. Keti vizuri, mgongo umenyooka. Fanya ishara ya msalaba polepole.

3. Mwite Roho Mtakatifu kwa maneno yako mwenyewe, machache.

4. Chukua neno dogo la Maandiko, hasa kutoka Injili ya Jumapili. Kama hujui kusoma usijione mdogo. Kumbuka jambo moja ulilosikia kanisani, au fungu moja la Rozari, na ukae nalo.

5. Mweleze Mungu ulivyo leo. Kama una hasira, mwambie una hasira, na na nani. Usimfiche, anajua.

6. Sasa nyamaza. Mawazo yakienda sokoni, yarudishe bila kujigombeza. Sema tu “Yesu”, ukae tena.

7. Shukuru kwa jambo moja lililo kweli, hata liwe dogo kama uji wa jana. Maliza kwa Baba Yetu, uende kazini.

Dakika kumi zatosha. Anayeanza na saa nzima Jumatatu, Alhamisi ameshaacha.

MATATIZO TUNAYOULIZWA

“Sina nafasi.” Ni kweli kazi ni nyingi. Lakini tuhesabu pamoja dakika tunazokaa tukizungusha kidole kwenye simu, au tukisimama njiani kumjadili mtu. Papa Fransisko aliufanya mwaka 2024 kuwa Mwaka wa Sala, kuandaa Jubilei ya mwaka 2025. Miaka hiyo imepita. Alfajiri haijapita, inakuja kila siku.

“Nasinzia.” Jaribu saa nyingine, au usali umesimama. Na kama unasinzia kwa sababu umefanya kazi mno, kumbuka Elia. Mungu alimwacha alale kwanza.

“Naweza kusali huku nasokota mkonge?” Ndiyo, na ni vizuri. Mikono ikifanya kazi iliyoizoea, moyo waweza kukaa na Mungu. Ila mpe pia dakika chache ambazo mikono imetulia.

“Sisikii kitu chochote.” Hapa tumkumbuke Mtakatifu Teresa wa Avila, mtawa wa Hispania, aliyeishi tangu 1515 hadi 1582. Papa Paulo wa Sita alimtangaza Mwalimu wa Kanisa mwaka 1970, mwanamke wa kwanza kupewa heshima hiyo, hasa kwa mafundisho yake juu ya sala. Mwalimu huyo mwenyewe aliandika katika kitabu cha maisha yake kwamba kwa miaka kadhaa akisali alikuwa akingoja saa igonge ili amalize. Hata hivyo alirudi kesho yake. Alifundisha kwamba sala ni kama mazungumzo ya mara kwa mara na rafiki ambaye tunajua anatupenda. Na msidhani alikuwa mtu wa kukaa tu. Alianzisha nyumba za watawa zaidi ya 15, akasafiri barabara mbovu kwa mikokoteni, akahangaika na madeni, mafundi na kesi. Wenyeviti na waweka hazina wetu wangeelewana naye sana.

“Nina huzuni isiyoisha.” Ndugu, sikiliza vizuri. Kama wiki zinapita huli, hulali, huoni maana ya kuishi, usibaki na sala peke yake. Mwambie mtu unayemwamini, uende kituo cha afya. Kutafuta matibabu si kukosa imani. Na wewe jirani, usimwambie mtu wa namna hiyo kwamba hasali vya kutosha.

KATIKA KIKUNDI

Maaskofu wa nchi zetu, katika mikutano ya AMECEA ya mwaka 1973 na 1976, walichagua Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristu ziwe msingi wa Kanisa huku kwetu. Wengi wetu tumezoea kushiriki Injili kwa zile hatua saba zilizotoka taasisi ya Lumko ya Afrika Kusini: tunamkaribisha Bwana, tunasoma, tunachagua maneno yaliyotugusa, tunanyamaza, tunashirikishana, tunaangalia kazi ya kufanya, tunasali.

Hatua ya nne ni ya kimya. Tukiri kwamba hatua hiyo tunaipita kama basi la usiku linavyopita Maungu. Dakika moja, mtu anakohoa, mwingine anaanza wimbo. Lakini angalieni mpangilio: kimya kinakuja kabla ya kazi. Tukiruka kimya, tunafika kwenye kazi kila mmoja na maneno yake aliyotoka nayo nyumbani.

Tunashauri kila kikundi, kabla ya kufungua sanduku na kitabu cha hesabu, kikae kimya dakika tano. Mtu mmoja ashike saa. Mkatoliki asali Kikatoliki moyoni mwake, Mwanglikana vivyo hivyo, na Mwislamu amkumbuke Mungu kama alivyofundishwa. Hakuna kuhubiriana. Kisha mwenyekiti aulize: “Kuna mtu ana neno na mwenzake ambalo lingefaa litoke kabla hatujaanza?” Ni afadhali litoke hapo kuliko litoke mtoni.

MAMA YULE ALIENDELEAJE?

Baada ya siku ile tulirudi Rukanga, tukamwomba mama msamaha kwa jibu letu. Tukamwambia hatuna jibu, lakini tungependa kujaribu naye kukaa kimya na swali lake mbele ya Mungu, dakika kumi kila alfajiri. Yeye kwake, sisi kwetu kabla ya kupanda gari. Akasema, “Haya, tutaona.”

Miezi ikapita. Siku moja alitueleza hivi: “Siku za kwanza nilikuwa namlaumu Mungu tu. Nilimwambia yote. Baadaye nikawa sina la kusema, nikanyamaza. Ndipo nikaanza kumwona yule kijana. Kila nikikaa, uso wake unakuja. Nikajua sijawahi kumwuliza kwa nini alilala.”

Akaenda kwake. Akamwambia, “Nilikuwa na hasira na wewe. Nimekuja kuitoa.” Kijana akalia. Kumbe siku ile alishinda kibarua cha kubeba mawe tangu asubuhi, kwa sababu nyumbani hapakuwa na unga, na jioni aliona haya kuwaambia wenzake hawezi zamu. Miezi mitano alikuwa amelibeba shamba lote kichwani peke yake.

Mama akamleta kikundini kwa mkono. Watu walinyamaza, na kimya cha safari hii hakikuwa cha kugeuza shingo. Siku hiyo waliamua mambo mawili. Kwanza, aliyeshinda kibarua asipewe zamu ya usiku. Pili, watu watatu watumwe Sagalla kuangalia uzio wa mizinga ya nyuki. Mizinga inatundikwa kuzunguka shamba na kuunganishwa kwa waya. Tembo akiugusa waya mizinga inatikisika, nyuki wanatoka, na tembo anawaogopa nyuki. Hauzuii tembo wote, na wakati wa ukame nyuki huhama, lakini unasaidia, na asali inapatikana. Uzio wao sasa una mizinga michache. Michango imerudi.

Msimu uliofuata tembo walikuja tena, wakala kona moja ya shamba. Tulipomtembelea mama tulimkuta anasuka kikapu mlangoni, anaimba. Tukamwuliza kama sasa amepata jibu la swali lake. Akacheka. “Kwa nini walikuja, sijui bado. Lakini siku hizi nikiuliza, siulizi peke yangu.”

Sisi nasi bado tunakaa zile dakika kumi. Tulianza kwa ajili yake, na sasa tukizikosa siku nzima haikai sawa.

MASWALI YA KUZUNGUMZA PAMOJA

1. Je, umewahi kusali na jambo ulilolihofia likatokea? Nani alikaa nawe, na alisema nini kilichosaidia au kilichoumiza?

2. Katika kikundi chetu, kuna mtu ambaye tunamgeuzia shingo? Tumewahi kumwuliza yeye mwenyewe habari zake?

3. Wazee wetu waliitoa hasira kwa njia gani? Sisi tunaitoa kwa njia gani?

4. Katika siku yako, ni dakika kumi zipi ambazo unaweza kumpa Mungu bila kudanganya?

AZIMIO

Kila mmoja achague saa yake na aiseme mbele ya wenzake. Mjaribu kwa siku thelathini. Ukikosa siku moja, usijilaumu, rudi kesho. Mwisho wa mwezi mkutane, kila mtu aeleze jambo moja tu lililobadilika, au aseme kweli kwamba hakuna lililobadilika.

Tufunge somo kwa kukaa kimya sote dakika tano. Kisha mmoja wenu aseme sala hii au nyingine ya moyoni mwake:

Ee Bwana Yesu, wewe ulisali na kikombe hakikuondoka. Kaa nasi usiku tunapolinda mashamba, na asubuhi tunapohesabu kilichobaki. Itoe hasira iliyo mioyoni mwetu. Tupe masikio ya kusikia sauti yako ndogo, na miguu ya kumwendea jirani. Amina.